Jina la West Nile na Ushahidi wa Vinasaba



Ndugu wazazi na wanafunzi, mtoto wa Arua au Koboko akiandika "West Nile" kwenye intaneti, mara nyingi hakutani kwanza na ardhi ya babu zake bali na ugonjwa. Tumweleze jina hilo lilitoka wapi, na elimu ya vinasaba imebainisha nini.

Mwaka 1937 watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa huko Omugo, upande wa Arua. Humo walikuta kirusi kisichojulikana, na walipokitangaza mwaka 1940 wakakiita kwa jina la wilaya yetu ya wakati huo, West Nile. Kirusi hiki huishi kwa ndege na huenezwa na mbu.

Mwaka 1999 kunguru walianza kufa ovyo jijini New York. Watu 62 waliugua na 7 wakafariki. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa nyingine ya ubongo, ile ya St. Louis. Ndipo wataalamu wakasoma vinasaba vya kirusi chenyewe. Kina herufi za urithi zipatazo 11,000, nazo hulinganishwa na za kirusi kingine moja baada ya moja. Kadiri zinavyofanana, ndivyo udugu ulivyo wa karibu.

Je, ndugu yake wa karibu alitoka kwetu? La. Kilifanana kwa zaidi ya asilimia 99.8 na kirusi cha bata bukini aliyekufa Israel mwaka 1998. Kile cha Omugo ni cha ukoo mwingine kabisa, kikitofautiana nacho takriban herufi moja katika kila tano.

Hata hivyo tusigeuke kuwalaumu wengine. Vinasaba vinaonyesha udugu, havionyeshi nani alikivusha bahari.

Suratul Hujurat inatufunza kuhakiki habari na kutoitana majina mabaya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Jina letu limeshabaki vitabuni, lakini watoto wetu wasiinamishe vichwa kwa ajili yake. Wasome sayansi, ili kesho wao ndio wazisome herufi hizo.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.