Kwa nini konda anamkimbia mwanafunzi

Wale wa nyumbani Kenya mlioniuliza huku Dar napandaje gari, jibu ni fupi: matatu inaitwa daladala, steji inaitwa kituo, manamba anaitwa konda, na kusafiri umesimama ni kawaida kabisa. Mgongo ukiuma shauri yako.

Kitu nilichoshindwa kuzoea ni watoto wa shule kuzuiwa mlangoni. Wako kumi na tano kituoni, konda anasema "mwanafunzi mmoja tu!" Watu husema makonda wana roho mbaya. Mimi naona tuanzie mbali kidogo.

Zamani mabasi ya Dar yalikuwa ya kampuni ya Waingereza, DMT. Serikali ikaitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam. Nauli ilipangwa na serikali, ikawa ya chini, na sheria ilikataza mtu binafsi kubeba abiria mjini. Lakini mji ulikua haraka kuliko mabasi. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na vipuri havikupatikana. Basi likiharibika linalala gereji. Watu wakaanza kupanda magari ya wizi wizi, mengine pikapu za mabenchi ambazo abiria wanaangaliana, zikaitwa chai maharage (jina tamu, safari chungu!).

Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe, ikaruhusu watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, mtaani ikiitwa dala, konda akawa anaita "dala! dala!" Ndugu zangu wa Nairobi msicheke, matatu nayo inasemekana imepata jina kwenye sarafu tatu za senti 10, na Kenyatta aliiruhusu mwaka 1973 bila leseni maalumu. Nchi mbili, siasa tofauti, zote zimeyabatiza magari kwa nauli.

Sasa hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tangu ruhusa ile, mwenye gari anataka hesabu, yaani kiasi maalumu kila siku jioni. Mafuta ni juu ya dereva. Kinachobaki ndicho chao yeye na konda, na siku nyingine hakibaki kitu. Mkataba wa maandishi wengi hawana. Serikali nayo ikasema mwanafunzi alipe nusu, baadaye ikawa hata chini ya nusu, ila hakuna anayemfidia konda ile tofauti. Kwa hiyo huruma ya taifa kwa mtoto wa shule inalipwa na kijana aliyening'inia mlangoni. Ndiyo maana anamkimbia.

Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, tiketi ilikatwa kituoni kabla ya kupanda. Mlangoni hakuna mtu anayepata hasara mtoto akiingia. Lakini foleni ile jamani, na njia nyingi bado ni za daladala.

Shuleni nilikokuwa mazoezi ya kufundisha, kipindi cha kwanza nilikianza na viti vitupu. Waliochelewa walikuwa wanapiga magoti nje, na ukiuliza, jibu ni lile lile: "Mwalimu, magari yametukataa."