Hesi ya Milimita 39: Asili ya Kuvalisha Kamera za Kipimaumbali Lenzi za Zamani

Miongoni mwa wapigapicha ambao hawajaiacha filamu, si ajabu kukuta lenzi iliyotengenezwa Krasnogorsk katika miaka ya 1950 imefungwa kwenye kamera iliyotoka Wetzlar, au lenzi ya Tokyo ikifanya kazi kwenye kamera ya Kharkiv, na mwenye nayo asione kwamba amefanya jambo la kushangaza. Desturi hiyo husimuliwa mara nyingi kama uraibu wa wakusanyaji wa vitu vya kale, watu wenye fedha na muda wa kuchezea, ilhali kwa kweli ilianza wakati lenzi hizo zilikuwa bado mpya, nayo ilizaliwa na mambo mawili yasiyohusiana sana na mapenzi ya ukale: uamuzi wa kiufundi uliofanywa na kiwanda kimoja cha Ujerumani mnamo mwaka 1931, na vita vilivyofuata, ambavyo viliigawa teknolojia ya Wajerumani kwa mataifa mengine.

Kamera ya kipimaumbali ni kamera ambayo mtumiaji wake hatazami kupitia lenzi yenyewe, bali kupitia kidirisha kilichowekwa juu ya bodi. Taswira mbili za kitu kilekile huingia kwa njia ya vidirisha viwili vilivyoachana kwa sentimita chache, na kadiri lenzi inavyozungushwa ndivyo taswira moja inavyosogea hadi ilaliane na nyingine. Zikilaliana, umbali umepimwa na lenzi imelengwa sawasawa. Kiungo kati ya lenzi na kipimo hicho ni cha chuma tupu, kwa maana nyuma ya lenzi kuna ukingo unaosukuma mkono mdogo uliomo ndani ya kamera, nao mkono huo ndio unaogeuza kioo au mche wa kioo wa kipimaumbali. Kwa kuwa jicho halioni kile ambacho lenzi inaona, kamera huuamini ukingo huo kikamilifu, na ukiwa na kasoro ya sehemu ndogo ya milimita, mpigapicha hatajua mpaka filamu isafishwe.

Leica ya kwanza, iliyobuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar na kuonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925, haikuwa na kipimo cha namna hiyo wala haikuruhusu lenzi kubadilishwa. Ilitumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, ikatoa picha ya milimita 24 kwa 36, na lenzi yake, iliyokokotolewa na Max Berek, ilikuwa imekazwa moja kwa moja kwenye bodi. Mwaka 1930 kiwanda kilitoa kamera ambayo lenzi yake ilifunguliwa kwa kuzungushwa, kwa hesi, yaani mizunguko iliyochongwa kama ya parafujo, yenye kipenyo cha milimita 39. Hata hivyo kila lenzi ilirekebishwa ilingane na kamera moja tu, hivyo aliyetaka lenzi ya pili alihitaji kuipeleka kamera yake kiwandani. Ni mwaka uliofuata ndipo Leitz walipoamua kwamba umbali kutoka uso wa mshikizo wa lenzi hadi kwenye filamu utakuwa milimita 28.8 kwa kamera zote, wakaziwekea kamera hizo alama ya sifuri kama ushahidi. Mwaka 1932 ikaja Leica II, ambayo kipimaumbali chake kiliunganishwa na lenzi kwa mkono ulioelezwa hapo juu.

Uamuzi wa milimita 28.8 hauna mvuto wa kusimuliwa, na vitabu vingi vya historia ya upigaji picha huupitia kwa haraka ili viwahi kumtaja mpigapicha Henri Cartier-Bresson, aliyeinunua Leica yake mwaka huohuo wa 1932. Lakini uzito wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana, maana tangu siku hiyo lenzi ilikuwa na maisha yake yenyewe nje ya kamera: iliweza kuuzwa peke yake, kurithiwa, kuigwa na kiwanda kingine na kufungwa kwenye bodi ambayo watengenezaji wake hawakuwahi kuiona.

Zeiss Ikon wa Dresden, washindani wakubwa wa Leitz, waliingia sokoni mwaka 1932 na kamera ya Contax, ambayo lenzi zake hazikukazwa kwa hesi bali kwa mshikizo wa kufunga kwa kuzungusha kidogo. Nguvu ya Contax ilikuwa katika lenzi za Sonnar zilizobuniwa na Ludwig Bertele, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo msingi wa sifa wanazopewa wajukuu wa lenzi hizo hadi leo. Kila mahali ambapo nuru inapita kutoka hewani kuingia kwenye kioo, au kutoka kwenye kioo kurudi hewani, takriban asilimia 4 ya nuru hiyo hurudishwa nyuma, na sehemu yake huzagaa ndani ya lenzi na kufifisha picha. Lenzi ya Summar ya Leitz, iliyotoka mwaka 1933, ilikuwa na vipande 6 vya kioo katika makundi 4, yaani nyuso 8 zinazokutana na hewa. Bertele aliviunganisha vipande vyake kwa gundi katika makundi 3 tu, akabakiwa na nyuso 6, hata katika Sonnar yenye uwazi wa f/1.5 iliyokuwa na vipande 7. Namba hiyo ya f hueleza tundu la lenzi ni sehemu gani ya urefu wa fokasi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo nuru inavyoingia kwa wingi. Kwa hesabu rahisi, Summar ilipitisha kama asilimia 72 ya nuru na Sonnar kama asilimia 78, lakini faida halisi haikuwa katika wingi wa nuru iliyofika bali katika uchache wa ile iliyopotea njia. Dawa ya tatizo hilo, utando mwembamba unaopakwa juu ya kioo ili kupunguza nuru inayorudishwa, ilibuniwa na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, ila haikuenea kwa wanunuzi wa kawaida hadi baada ya vita.

Wakati huo huko Kharkiv, katika jumuiya ya kazi ya vijana iliyopewa jina la Feliks Dzerzhinsky na kuongozwa kwa miaka kadhaa na mwalimu Anton Makarenko, kamera ya FED ilianza kutengenezwa mwaka 1934 kwa kuiiga Leica II. Jina lake ni herufi za kwanza za majina matatu ya Dzerzhinsky. Mafundi wake waliiga hesi lakini hawakuiga nidhamu ya kipimo, kwani lenzi za FED za kabla ya vita zilirekebishwa kwa kamera moja moja, jambo ambalo Leitz walikuwa wameshaliacha; kwa hiyo lenzi ya namna hiyo ikihamishiwa kwenye bodi nyingine hukaza vizuri na kutoa picha zenye ukungu. Fundisho hilo limewagharimu wanunuzi wengi: kufungika na kulenga ni mambo mawili tofauti.

Vita vilipokwisha, mitambo ya Contax ilichukuliwa na Umoja wa Kisovieti kama fidia, na kuanzia mwaka 1947 kamera hiyohiyo ikatengenezwa Kyiv, katika kiwanda cha Arsenal, kwa jina la Kiev. Sonnar nazo zilipewa jina jipya la Jupiter. Jupiter-8 ni Sonnar ya milimita 50 yenye f/2, Jupiter-3 ni ile ya f/1.5, Jupiter-9 ni ya milimita 85, na Jupiter-12 ya milimita 35 ilitokana na Biogon, lenzi nyingine ya Bertele. Wasovieti hawakuzitengeneza kwa mshikizo wa Kiev peke yake, bali pia kwa hesi ya milimita 39, ili zifae FED na Zorki, kamera iliyoanza kutolewa Krasnogorsk mwaka 1948. Hivyo lenzi iliyobuniwa Dresden ili kuishinda Leica ikageuzwa na mshindi wa vita kuwa lenzi ya kukazwa kwenye mwigo wa Leica, na kutoka hapo kwenye Leica yenyewe.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hataza za Wajerumani zilikuwa zimeondolewa ulinzi na washindi, na viwanda vya Japani kama Canon, Nicca na Leotax vikaendelea kutengeneza kamera za mtindo wa Leica, huku Nippon Kogaku wakitengeneza lenzi za Nikkor kwa mishikizo kadhaa, ukiwemo wa hesi. Mwaka 1950 David Douglas Duncan wa jarida la Life, akiwa Tokyo, aliona picha ambayo mpigapicha Jun Miki alimpiga kwa Nikkor ya milimita 85, akastaajabishwa na ukali wake, akaenda kiwandani na kununua lenzi za Kijapani kwa ajili ya Leica zake. Vita vya Korea vilipozuka Juni mwaka huo, picha zake za vitani zilipigwa kwa bodi za Ujerumani na lenzi za Japani, na mnamo Desemba gazeti la New York Times likaandika kuhusu ubora wa lenzi hizo. Duncan hakuwa anatafuta ladha ya zamani. Alikuwa na kamera aliyoizoea, na hesi ilimruhusu kuchukua lenzi aliyoona ni bora.

Mapatano ya hesi hayakuwa mapatano ya kila kitu. Leitz walikichukulia kipimo cha kawaida cha lenzi ya milimita 50 kuwa milimita 51.6 hasa, na mwendo wa kipimaumbali chao ulikokotolewa kwa namba hiyo. Lenzi ambayo urefu wake halisi wa fokasi unatofautiana kidogo huweza kulenga mlima wa mbali bila kosa, kisha ikakosea uso wa mtu aliye mita moja na nusu, hasa tundu likiwa wazi kabisa. Ndiyo sababu Jupiter nyingi hulalamikiwa na wenye Leica, na ndiyo sababu mafundi huziwekea pete nyembamba za chuma ili kuvirekebisha vioo kwa umbali wa karibu, wakikubali hasara kidogo kwingine. Sonnar pia ina tabia ya kuhamisha mahali pa ukali tundu linapozibwa, na tabia hiyo haina pete ya kuiponya.

Mwaka 1954 Leitz wenyewe waliiacha hesi walipotoa Leica M3, lakini waliweka umbali wa mshikizo mpya kuwa milimita 27.8, yaani pungufu kwa milimita 1 kamili, ili pete yenye unene huo iweze kuipokea kila lenzi ya zamani bila kuharibu kipimo. Miaka 5 baadaye Nikon F ya Nippon Kogaku, kamera ambayo mtumiaji wake hutazama kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo, ilianza kuzisukuma kamera za kipimaumbali pembeni, na kwa miongo minne lenzi za hesi ziliuzwa kwa bei ya chini. Hapo ndipo sifa ya utamu wa lenzi kuukuu ilipokuzwa. Sehemu ya sifa hiyo ni ya kweli, kwa kuwa kioo kisicho na utando hulainisha weusi wa vivuli. Sehemu nyingine ni uharibifu uliopambwa jina zuri, kama mikwaruzo ya kioo laini cha mbele cha Summar, ukungu wa mafuta yaliyoyeyuka ndani, na kuvu, ambalo hustawi kwenye unyevu na hivyo halina huruma kwa lenzi zilizokaa katika miji ya pwani kama Zanzibar na Mombasa.

Mwaka 1999 Cosina wa Japani walitoa Bessa L, kamera mpya kabisa yenye hesi ya milimita 39, pamoja na lenzi zake. Mwaka 2016 kampuni ya Lomography iliagiza Jupiter-3 itengenezwe upya Krasnogorsk, kwa hesi ileile na pete ya kuifunga kwenye Leica M, nayo hulenga hadi sentimita 70, ilhali ile ya Kisovieti ilikomea mita 1.