Bruchi ya Tara

Bruchi ya Tara ni pambo la kufungia joho lililotengenezwa nchini Eire mnamo mwaka 700 hivi BK. Leo inatunzwa katika Makumbusho ya Taifa ya Eire mjini Dublin, na huhesabiwa kati ya kazi bora za masonara wa Kikelti.

Muundo

Bruchi hii ni duara la fedha lililopakwa dhahabu, lenye pini ndefu. Upana wa duara haufiki sentimita 9, lakini limegawanywa katika sehemu ndogo nyingi, kila moja na pambo lake. Upande wa mbele sonara alitumia nyuzi nyembamba sana za dhahabu kuunda wanyama waliosukwa pamoja: uzi mmoja hupita juu ya mwingine, kisha chini yake, kama ukili wa mkeka. Ameongeza pia kaharabu na vioo vya rangi.

Upande wa nyuma, ambao hauonekani bruchi inapovaliwa, umepambwa kwa uangalifu uleule. Hapo kuna mizunguko iliyojikunja kama konokono, urithi wa Wakelti wa kabla ya Ukristo. Misuko na mafundo yaliingia Eire baadaye, kutoka sanaa ya Kiroma na ya makabila ya Kigermanik. Kwa hiyo "fundo la Kikelti" limetokana na mchanganyiko wa tamaduni kadhaa.

Katika bruchi za zamani zaidi, duara liliachwa na pengo ili pini ipite na kukaza nguo. Katika bruchi ya Tara pengo hilo limezibwa ili kupata nafasi ya mapambo.

Kupatikana na jina

Bruchi ilipatikana mwaka 1850 karibu na Bettystown, katika kaunti ya Meath. Ilisemekana kwamba iliokotwa ufukoni, ingawa wataalamu wengine wanadhani ilitoka bara, na kwamba ufuko ulitajwa ili mwenye shamba asiidai.

George Waterhouse, sonara wa Dublin, aliinunua akaiita kwa jina la Tara, kilima cha wafalme wa kale wa Eire. Bruchi haina uhusiano wowote na kilima hicho, lakini jina lilimsaidia kuuza nakala alizotengeneza. Mwaka 1851 ilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London, na nakala hizo zilichangia kufufua mitindo ya Kikelti katika vito.