Askari wa miavuli waliovuka Volga kwa mashua

DIVISHENI ya 13 ya Walinzi ni miongoni mwa vikosi vya Umoja wa Kisovieti vinavyokumbukwa zaidi katika historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilitokana na askari wa miavuli, lakini sifa yake iliipata ikipigana ardhini, katika vifusi vya mji wa Stalingrad.

Chimbuko lake ni Kikosi cha Tatu cha Askari wa Miavuli, kilichoundwa mwaka 1941 muda mfupi kabla ya Ujerumani kuivamia nchi hiyo Juni 22. Brigedi yake ya tano iliongozwa na Alexander Rodimtsev, ofisa aliyezaliwa mwaka 1905 katika familia ya wakulima maskini wa Orenburg. Alikuwa amekwisha kutunukiwa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1937, baada ya kupigana upande wa serikali ya jamhuri nchini Hispania.

Askari hao walifunzwa kuruka kutoka angani na kushambulia nyuma ya adui. Hata hivyo, majeshi ya Ujerumani yalisonga mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba kila mtu aliyeweza kushika bunduki alihitajika mstari wa mbele. Agosti 1941 walipelekwa kuulinda mji wa Kiev wakiwa askari wa miguu.

Novemba mwaka huo kikosi kiligeuzwa kuwa Divisheni ya 87 ya askari wa miguu, na Januari 1942 kikapewa jina la heshima la Divisheni ya 13 ya Walinzi. Mei 1942 kilipata hasara kubwa katika mapigano ya Kharkov, hivyo nafasi nyingi zikajazwa na vijana wapya.

Mtihani mkubwa ulikuja usiku wa Septemba 14 kuamkia 15, mwaka 1942. Wajerumani walikuwa wamefika katikati ya Stalingrad na kukaribia gati la mto Volga. Iwapo gati hilo lingetekwa, Jeshi la 62 la Jenerali Vasily Chuikov lingekatiwa njia kuu ya kupata chakula, risasi na askari wa ziada.

Divisheni hiyo, yenye askari wapatao 10,000, ilianza kuvuka mto kwa mashua na vivuko huku ikishambuliwa kwa mizinga. Waliofika ukingoni waliingia vitani papo hapo. Walipigania kituo cha reli na kilima cha Mamayev Kurgan, sehemu zilizotekwa na kukombolewa mara kadhaa. Batalioni moja iliyopigana kituoni karibu iteketee yote.

Mwishoni mwa Septemba, kundi dogo la Sajini Yakov Pavlov liliingia katika jengo la ghorofa nne karibu na mto. Kwa mujibu wa masimulizi rasmi, jengo hilo lilishikiliwa kwa siku 58. Watafiti wa baadaye wamehoji baadhi ya maelezo hayo, wakieleza kuwa propaganda ilimkuza mtu mmoja na kuwasahau wenzake, akiwamo Luteni Ivan Afanasyev aliyeongoza ulinzi wa jengo hilo.

Januari 26, 1943, askari wa divisheni hiyo walikutana karibu na Mamayev Kurgan na wenzao waliotokea magharibi. Wajerumani wa mwisho mjini humo walisalimu amri Februari 2. Divisheni iliendelea kupigana hadi Ujerumani na Prague mwaka 1945, mwaka ambao Rodimtsev alitunukiwa nishani ya Shujaa kwa mara ya pili. Alifariki dunia mwaka 1977.

Leo mji huo unaitwa Volgograd, jina ulilopewa mwaka 1961. Ukingoni mwa Volga umesimama ukuta unaojulikana kwa jina la Rodimtsev, karibu na gofu la kinu cha unga lililoachwa na makovu yake ya vita. Juu ya Mamayev Kurgan ipo sanamu ya mwanamke mwenye upanga, yenye urefu wa mita 85, iliyozinduliwa mwaka 1967.

Chini ya sanamu hiyo wamezikwa maelfu ya askari. Ukumbusho huo una majina mengi, lakini wengi wa waliolala kilimani hapo majina yao hayajulikani.