Kipimajoto Kilichohama Rejeta

Miaka ya 1910, dereva wa Marekani aliyetaka kujua joto la injini alitazama mbele ya kioo. Juu ya mfuniko wa rejeta kilisimama Boyce MotoMeter, kipimajoto chenye kimiminika chekundu kilichopanda kadiri injini ilivyopata moto. Ford Model T ilitoka kiwandani bila geji ya joto, na wamiliki wengi walikifunga kipimajoto hicho wenyewe.

Kasoro yake ilikuwa kubwa: kilipima mvuke, si maji.

Baadaye geji ikahamia dashibodi, sensa ikazamishwa majini. Msingi wa sensa ya leo aliuona Michael Faraday mwaka 1833: salfidi ya fedha hupitisha umeme vizuri zaidi ikipata joto. Sensa hiyo nayo hupunguza ukinzani joto likipanda, na kompyuta ya gari, ikisoma badiliko hilo, hupunguza petroli.

Mara nyingi sensa iko karibu na thamostati. Usiifungue sensa hiyo wakati injini ni ya moto.