Sifuri ya Saa Iliwekwa na Watu

Ukivuta data kutoka databesi ukute 1700000000 kwa safu ya tarehe, hizo ni sekunde tangu Januari 1, 1970, saa ya Greenwich. Mi sikubali ati hiyo sifuri ni takatifu. Unix ya akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, Bell Labs huko Marekani, kwanza ilihesabu kuanzia 1971, tena vipande 60 kila sekunde. Biti 32 zingejaa kwa miaka miwili na kitu, wakaihamisha tu. Sasa sisi je? Sifuri ikianza, Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Namba yetu pale juu, Greenwich ni Novemba 14, 2023. Huku ni tarehe 15, saa saba usiku. Usipoongeza masaa matatu, chipo zilizouzwa leo usiku zinasomeka ni za jana, na hesabu ya kibanda haitakubali.