Karne ya Tamasha la Muziki, Ikitazamwa kutoka Laini Saba

Tamasha la Muziki la Kenya linakaribia kutimiza miaka 100. Lilianza 1927, mkoloni akiwa madarakani, likafuata desturi ya Kiingereza ya jukwaa, waamuzi na alama. Nyimbo za asili za Waafrika zilikuja kukaribishwa baadaye. Leo shule huanza na mashindano ya eneo lao, zikapanda ngazi hadi fainali za kitaifa mwezi Agosti. Ila anayetaka kujua tamasha hili limetuachia nini asihesabu vikombe. Atazame mtaa kama Laini Saba, Kibera, jijini Nairobi, ambako darasa moja laweza kuwa na watoto wa Kiluo, Kiluhya, Kikamba na Kinubi. Mwalimu akichagua wimbo wa arusi wa Kiluhya, wengi wao hujifunza maneno wasiyoyasikia nyumbani, na wimbo wa jamii moja ukawa wa wote. Wimbo wa Taifa ulipita njia iyo hiyo: jopo la wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, lilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na tangu 1963 Mkenya yeyote huuimba kama wake.

Wapo wasemao jukwaa huua wimbo. Hoja yao ina uzito: dholuka, ngoma ya wanawake wa Kinubi wa Kibera, hunoga arusini, bila mtu kutazama saa, ilhali mwamuzi huwapa watoto dakika chache tu. Lakini ngoma za nyumbani zinadhoofika kwa sababu nyingine. UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014, wajuzi wake wakizeeka bila warithi wa kutosha. Kwa kijana aliyezaliwa Nairobi, mazoezi ya shule huenda yakawa nafasi yake pekee ya kuishika ngoma hiyo. Hata hivyo, nyimbo za mashindano za kuhimiza ulipaji kodi, zinazotungwa kumridhisha mfadhili, sizitetei. Fainali zikishapita, ifikapo Septemba haziimbwi na mtu. Lawama nzito zaidi ni kwamba tumeifanya hadhira kuwa bubu. Kinyume chake, Wasweden, katika bustani ya Skansen jijini Stockholm, wamekuwa wakikusanyika tangu 1935 kuimba pamoja nyimbo zinazopendwa, bila mshindi. Fainali zetu zingeweza kutenga kipindi kimoja kisicho na alama, ukumbi mzima uimbe.